Kiboko Nyuma ya Kioo

Jumatatu, 6 Juni 2016. Louisville

Zamu ya asubuhi. Masanduku, masanduku, mgongo umekufa. Wakati wa kula, mama mmoja mzungu wa kitengo chetu akaniwekea simu mbele ya sahani. Anaenda safari Tanzania. Anataka kujua tembo anaonekana vizuri wapi, simba wapi, twiga wapi. Ananiuliza mimi! Nimetoka bonde la Ruzizi, Kongo, nikiwa mgongoni kwa mama, nimekulia kambini Burundi, mnyama mkubwa niliyemwona ni mbuzi wa jirani. Nikamjibu Serengeti, maana ndilo jina pekee ninalolijua. Akaniambia kifaru mtafute Ngorongoro. Donc, basi, yeye ndiye ananifundisha Afrika. Nimeshangaa mpaka chakula kimepoa.

Jumatano, 8 Juni

Nimegombana na mama tena. Ni ile ile. Bahati amenichumbia tangu mwaka jana. Ana kazi Columbus, anaishi mtaa wa Clintonville, anasali, hanywi. Wazee wake wako tayari kuleta mahari. Baba mudogo wa Buffalo yuko tayari kupokea mahali pa baba. Mama hataki. "Baba yako iko. Yeye ndiye atapokea." Iko wapi? Miaka yote hii iko wapi? Anasema walipotezana siku ya kukimbia, basi. Ukimuuliza zaidi anaanza kuosha vyombo visafi.

Nina hasira. Nina miaka ishirini na miwili na sijui kama nimwombee baba uzima au pumziko. Bahati akichoka kungoja, sitamlaumu.

Ijumaa, 10 Juni

Bahati amepiga simu, ana wazo. Kesho twende kwake, mimi na maman, atupeleke zoo. Anasema maman akiona wanyama wa kwetu roho yake italainika, halafu ataongea naye juu ya ndoa. Wanyama wa kwetu! Mtu amezaliwa Bukavu mjini, anajua kuku tu. Lakini nimecheka, nimekubali. Mama naye amekubali, siamini. Amepiga pasi kitenge chake cha kanisa.

Jumamosi, 11 Juni. Columbus

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Ilianza vizuri. Simba alikuwa amelala juu ya jiwe. Bahati akasoma kibao: ati wakati wa baridi jiwe linapashwa moto kwa ndani. Mama akapiga makofi. "Aka! Simba iko na chauffage, na sisi Januari yote tulilala na makoti!" Watu wakageuka. Twiga akala majani mkononi mwake, mama akacheka mpaka akashika tumbo. Bahati akanikonyeza. Tulijua ndoa tunayo.

Halafu viboko. Chumba chenye giza kidogo, ukuta mzima ni kioo, nyuma yake maji ya kijani. Watoto wamebandika pua. Kiboko akaja anatembea chini ya maji, mwepesi, kama mtu anayetoka sokoni bila mzigo. Watoto wakampungia mkono. Mama akawapita wale watoto, akapiga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Ulimupeleka wapi? Weye! Ulimupeleka wapi?"

Sauti hiyo sijawahi kuisikia kwake. Akaita jina la baba. Akaliita tena na tena. Watoto wakaanza kulia, mlinzi akaja mbio, Bahati akawa anaomba radhi kwa Kiingereza na Kifaransa pamoja. Mimi nilisimama tu.

Nje, kwenye benchi, ndipo akasema. Walivuka Ruzizi kukipambazuka, maji kifuani. Baba mbele na mzigo kichwani, mama nyuma na mimi mgongoni. Kiboko akainuka kutoka chini. Mzigo ukabaki unaelea, baba hakuonekana. Watu wakamvuta mama ng'ambo. Alikaa kwenye matete siku nzima, hakuna kilichotoka.

"Sikuonaka maiti," akasema. "Nilionaka maji tu. Nililie maji?"

Kwetu hulii mtu ambaye hujaona maiti yake. Ni kama kumwua wewe mwenyewe. Kwa hiyo hakumlilia. Alimngoja.

Yesu wangu. Nilikuwepo! Nilikuwa pale pale, mgongoni! Na mimi miaka yote hii natafuta jina lake Facebook, nawaandikia wanaume nisiowajua: samahani, wewe ni baba yangu?

Jumapili, 12 Juni

Tumerudi Louisville. Mama hajala. Bahati amelia kuliko sisi, anasema ni kosa lake. Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza. Namkasirikia mama. Namwonea huruma. Yote kwa mara moja.

Jumanne, 14 Juni

Kazini. Yule mama mzungu: na viboko je, wanaonekana wapi? Nilikwenda chooni nikalia.

Jioni mama alipiga simu Buffalo mwenyewe. Nilimsikia toka jikoni. "Shemeji, kaka yako alikufia Ruzizi. Tufanye kilio." Nikasikia baba mudogo analia ndani ya simu, mwanaume mzima. Kumbe naye alikuwa anangoja.

Jumapili, 26 Juni. Buffalo

Kilio tulikifanya jana nyumbani kwa baba mudogo, karibu na barabara ya Bailey. Bila maiti, bila kaburi. Watu walikuja na sufuria za sombe, yale majani ya muhogo, na wali, wakakaa nasi mpaka jioni. Mama alilia hadi sauti ikaisha. Baba mudogo amemwambia Bahati wazee wake waje, atawapokea. Bahati akainamisha kichwa. Mimi sikufurahi bado. Furaha itakuja.

Leo asubuhi, kanisani, mchungaji aliwaita wajane wasimame waombewe. Miaka yote, kanisani kwetu, wajane wakiitwa mama hubaki amekaa. Leo aliniwekea pochi yake mapajani, akashika kiti cha mbele, akasimama.

Nilimshikia pochi mpaka maombi yalipoisha.