Mtoto wa Mkufunzi

Shropshire, 14 Aprili 2014

Morwenna mwanangu,

Habari za Cornwall? Mama yako hajambo? Mimi mzima, ila goti linauma tangu Jumamosi, nilipokimbia nimeshika bawa la ndege yetu isiyo na injini kama kijana.

Pole sana. Ulisafiri kwa treni kutwa nzima ili uruke peke yako mara ya kwanza, nami nafasi ya mwisho ya siku nikampa yule binti wa Telford. Unajua desturi yangu: mtoto wa mkufunzi hukaa mwisho, watu wasije wakasema kikosi ni cha ukoo. Miaka thelathini na moja tunajitolea kuwafundisha urubani makadeti wa jeshi la anga, vijana wasiofika miaka ishirini, bila lawama. Njoo tarehe ishirini na sita. Utakuwa wa kwanza.

Baba yako


Cornwall, 19 Aprili 2014

Baba,

Goti limepoa? Mama anakusalimu, kwa shingo upande. Mwaka jana pia uliniahidi hivyohivyo. Haya, nakuja. Ukiniweka mwisho tena, nitakufunga kwenye winchi ya kuvutia ndege nikuvute wewe.

Binti yako


Shropshire, 22 Aprili 2014

Mwanangu,

Natumaini hamjambo. Usipande treni. Ndege zetu zote zisizo na injini zimezuiwa mpaka zikaguliwe upya. Tumeambiwa ni wiki chache tu.

Baba yako


Shropshire, 7 Novemba 2015

Morwenna,

U mzima? Hii ni barua ya nne bila jibu. Bado hatujaruka. Kila Jumamosi tunafagia banda, tunapaka winchi mafuta, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani. Umetimiza miaka ishirini, basi ukadeti umekwisha. Nilitaka kukupongeza, nikaona aibu.

Baba yako


Shropshire, 20 Machi 2016

Mwanangu,

Sijui kama afya yako ni njema, naomba iwe hivyo. Kikosi kimevunjwa. Wenzangu, watu wazima, walilia mbele yangu.

Nikuambie ukweli. Siku ile uliyokuja kwa treni, jua lilikuwa bado lipo, mruko mmoja zaidi ungewezekana. Nilikuona umesimama tayari, parachuti ya tahadhari mgongoni. Nikaogopa maneno ya watu, nikasema tufunge. Sasa Jumamosi zangu zote ni zako, kama bado unazitaka.

Baba yako


Cornwall, 2 Aprili 2016

Baba,

Mimi mzima, Mama pia. Pole kwa kikosi.

Niliruka peke yangu Mei mwaka jana, kwenye klabu ya raia huku kwetu. Dakika sita, nikatua vizuri. Mkufunzi alinipa mkono, akaniuliza nani wangu amekuja kuniona. Nikamwambia sina mtu.

Ilikuwa Jumamosi. Nilijua kwa barua zako kwamba unafagia banda ambalo ndege zake haziruki, na kwamba ningekuita ungeacha ufagio uje mbio. Ndiyo maana sikukuita. Nilitaka na wewe ukose.

Mara ya kwanza haipatikani tena, Baba. Nimetunyima sote wawili. Nisamehe.

Binti yako