Kwa Shambuyi, Mfungua Njia wa Misheni

Shambuyi wangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Mapacha hawa, Mbuyi na Kabanga, waliokupa hilo jina la Shambuyi, baba wa pacha, hawaniachii hata mkono wa kushika kalamu. Leo wamelala wote wawili kwa pamoja, ajabu kabisa, na mimi nina neno la kukuambia.

Unakumbuka kule misheni, mwalimu wetu Mmarekani alipoleta mpira ule mrefu kama yai? Watu wa kambi ya mgodi walikuja wakidhani ni mpira wa miguu. Mwenzako alipoukumbatia akaanza kukimbia, uwanja mzima ukapiga kelele, "Mukono! Mukono!" Tata mmoja, mzee fundi cherehani, akaingia hadi katikati kumvuta mwamuzi shati: "Ee, hauone? Anaiba mupira!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe ulikuwa mbele, kichwa chini, unasukuma watu kando ili mwenzako apite. Baadaye nikakuchokoza: "Umechafuka hivi, na mupira haukuugusa!"

"Mi ningeugusa, nani angefungua njia?"

Tulipooana ulinisimulia habari za vyuo vikuu vya kwao mwalimu, Marekani, kama vile ni mambo ya ukoo wako. Timu zilizoshinda mwaka baada ya mwaka kwa kukimbia tu. Wanapewa majaribio manne wasogee hatua kumi. Wakifika, wanapewa mengine manne. Kila mtu anajua watapita katikati, na bado wanapita. Nikauliza, "Kwa nini wasiurushe mbele, wafike upesi?" Ukanitazama kama nimekutukana.

"Mupira ukiwa hewani, mama, ni wa kila mutu."

Sasa sikia. Kaka yako amekuja kutoka Kasai. Anataka kumchukua Kabanga, aniachie Mbuyi. Anaahidi shule, anaahidi viatu, anasema mtoto atarudi akishakuwa mkubwa. Si mtu mbaya; hata sabuni alituletea.

"Mwambuyi, umechoka," aliniambia. "Batoto babili utabaweza?"

"Nimechoka, ndiyo, tata. Lakini mi sirushe mutoto hewani."

Hakuelewa, masikini. Nikamwambia wazi: hawa walizaliwa pamoja, watakua pamoja, hapa hapa Kolwezi. Nyumba ya kambi tumeirudisha kwa kampuni ya mgodi. Nimepata chumba kwa mama mmoja Mwislamu wa Maniema. Namshonea mashati, anayauza sokoni. Leo shati moja, kesho lingine. Mgongo unauma, lakini nasogea.

Jana kaka yako alinuna kutwa nzima, hata bukari, ugali wetu, hakuigusa. Leo asubuhi akaniuliza tena, safari hii mbele ya majirani, ili nione haya. Sikubishana. Nikaingia jikoni, nikamchemshia mayai, nikamfungia pamoja na mikate, chakula cha treni ya kurudi Kasai.

Cha mtu mmoja.

Pumzika, baba yao. Wanaanza kuamka, wacha niende.

Mimi Mwambuyi,
mama ya Mbuyi na Kabanga