Nilimwambia Mama Mkwe Ni Mikono Yake

Dada mshauri, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi nivumilie tu, maana hili ninalokuandikia sijamwambia hata mume wangu ninayelala naye kitanda kimoja.

Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kwa miaka mingi ndimi mpiga picha wa ukoo kwa kamera yangu ndogo, ile unayobonyeza tu inajifanyia kila kitu, nikasifiwa mpaka nikavimba kichwa, basi nikajichanga nikanunua kubwa, ya lenzi ya kuchomoa, nikawa naitundika shingoni hata nikienda kununua sabuni. Mume wangu akiniambia, "Soma kwanza kile kitabu chake," namjibu, "Kamera ni kamera bwana, kwani nimeanza leo?"

Siku mama mkwe anaagwa kustaafu ualimu nikapiga mwanzo mwisho, akipokea zawadi, akikumbatiana na wenzake, akilia, na kwenye kioo kidogo cha nyuma nikaona mambo safi, lakini nilipozifungua kwenye kompyuta nyuso zote ukungu, mama mkwe hana macho wala pua, ila kabati la vitabu nyuma yake limetoka vizuri mpaka kitasa. Akaja kuzitazama, akauliza taratibu, "Mbona mimi sionekani, mwanangu?" Nami badala ya kusema sijui, nikasema, "Ulikuwa unatingishika, mama. Ile mikono yako."

Mikono yake kweli hutetemeka siku hizi, anaificha chini ya mtandio na sisi tunajifanya hatuoni. Akaitazama, akasema, "Nisamehe, nimekuharibia kazi." Akaniomba msamaha mimi, dada, nami nikaupokea.

Baadaye nikiwa nafuta lenzi nikaona swichi ubavuni, ya kuchagua kamera ijitafutie yenyewe fokasi, ile inayofanya sura itoke safi, au uizungushe kwa mkono, kumbe niliisukuma nilipokuwa naichomeka lenzi, na siku nzima nilikuwa nabonyeza tu kwa mazoea ya ile ndogo. Nikairudisha, nikanyamaza.

Sasa wifi yangu anaolewa Jumamosi, kaniteua mimi nipige picha, na juzi tukipanga nani akae wapi kwenye picha mama mkwe akasema, "Mimi msiniweke. Nitakaa pembeni, nisije nikamharibia mwanangu harusi." Wifi akacheka akidhani utani. Mimi nikaenda kulia chooni. Naona aibu hata kumpokea kikombe cha chai. Je, nikimbembeleza tu akae, nikampiga picha nzuri bila kusema lolote, si yatakuwa yameisha?

Mkwe Mwoga

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe Mwoga, jina ulilojipa limekukaa.

Pole kwanza. Kuharibu picha si dhambi, na kamera mpya huwaumbua wengi. Lakini wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Wewe jembe lilikushinda, ukalilaumu shamba! Ulimkuta mama wa watu na jambo analolionea haya, ukalishika hilohilo ukajikingia. Mwanamke aliyesimama mbele ya wanafunzi maisha yake yote leo anajiona doa kwenye harusi ya bintiye, na wewe unaniuliza kama inatosha kumbembeleza.

Haitoshi. Atakaa ili akuridhishe, na kila kamera ikilia atajua ni yeye anayeharibu. Mficha uchi hazai, mdogo wangu.

Nenda ukamwone mkiwa wawili tu. Mwambie, "Mama, si mikono yako. Nilikosea mimi, nikalijua kosa, nikanyamaza." Hilo la kunyamaza ndilo litakalokuchoma, usiliruke. Habari za lenzi mwachie aulize mwenyewe, na akiuliza, mpe kamera aishike, mwonyeshe hiyo swichi. Akikasirika, kaa hapohapo ukasirikiwe. Na tafadhali usimwage machozi mpaka aanze kukubembeleza wewe, keshakubembeleza vya kutosha.

Ukitoka kwake mwambie mumeo, kisha wifi yako. Mwambie wifi atafute mpiga picha mzoefu, wewe beba kamera yako ndogo upige za pembeni bila presha. Ile kubwa jifunze nayo nyumbani, kwa kuwapiga watoto na masufuria, ukiwa na kitabu chake mapajani. Mumeo alikwambia.

Kisha acheni kujifanya hamuioni mikono ya huyo mama. Mpelekeni kwa daktari. Huenda ni uzee tu, huenda ni jambo la kutibika, lakini mkinyamaza wote kwa adabu hamtajua, naye ataendelea kuificha.

Za kuagwa kwake zimeshapotea, hazirudi. Ya harusi bado haijapigwa, na ndani yake kuna nafasi ya mama mzazi wa bibi harusi ambayo wewe peke yako ndiye uliyemwondoa. Kunja gazeti hili uende sasa hivi, ukamrudishe.