Plasma Yangu na Hiyo LCD Yenu

Mama Watoto na wanangu,

Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Gesi nimefunga. Televisheni yenu mpya ya LCD nimeipachika ukutani kwa skrubu nne, haitikisiki. Msiipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Asubuhi niliuliza tu televisheni yangu ya plasma iko wapi. Binti mkubwa akacheka: “Baba, lile dude lilikuwa linachemka kama pasi. Tumempa mtu wa vyuma chakavu.” Nikasema mngeniuliza kwanza. Mama Watoto ukajibu, “Tungekuuliza, ungekataa.”

Huenda ningekubali. LCD ni nyepesi, haili umeme mwingi, na mchana dirisha likiwa wazi inaonekana vizuri zaidi. Hilo nawapa. Lakini kwenye plasma, rangi nyeusi ilikuwa nyeusi kweli, na hata ukikaa pembeni picha haikufifia. Hii yenu nimeijaribu kutoka kila kiti. Panapofifia ni mahali pamoja tu, pale karibu na mlango, ninapokaa mimi.

Ufundi sikusomea popote. Nilijifunza kwa kuifungua na kuifunga plasma hiyo hiyo, nanyi mkinishikia tochi. Leo nyumba nzima imechagua televisheni, na fundi wa televisheni amekuta imeshachaguliwa.

~~Nitarudi saa kumi na mbili tutazame habari pamoja.~~

Nitachelewa. Msinisubiri. Kuna mteja atapita karakana jioni, anataka nimshauri achukue plasma au LCD.

Yeye ameniuliza.

Baba yenu