Herufi Moja Katika Jina Lako, Baba

Kabasa, Bunda
Jumatano, tarehe 16 Julai. Asubuhi baridi, upepo mkavu, mawingu mepesi upande wa ziwa yasiyo na mvua.

Baba yangu, shikamoo.

Naamini barua hii inakukuta umeshafungulia ng'ombe na umeshakunywa uji wako. Goti la mama linaendeleaje tangu aache kuteremka kuchota maji? Na ile mihogo ya karibu na kanisa, mmeshaing'oa au bado mnawasubiri ngedere waonje kwanza? Mimi mwili ni mzima. Shangazi ananilisha vizuri na kazi ya zahanati inaendelea. Moyo ndio si mzima. Nitakueleza kwa nini, na nitakueleza kwa utaratibu, maana Jumapili kwenye simu ulinikatia kabla sijamaliza sentensi ya pili. Barua huikati. Anakuletea shangazi mwenyewe, na amesema atakaa kwenye kigoda hapo Suguti mpaka uisome yote.

Nina hasira na wewe, baba. Nimetafuta neno la adabu zaidi tangu Jumapili, sijalipata.

Unajua kwamba kila siku naandika kwenye daftari langu. Nimelifungua sasa ili nisikuongezee wala nisikupunguzie. Mwaka wa kwanza baada ya kidato cha sita niliomba udaktari vyuo vitatu, nikakosa vyote. Sikulalamika. Kemia nilikuwa na C, Fizikia nilikuwa na D, na wenye alama nzuri kuliko mimi walikuwa wengi. Nikasema nitarudia Fizikia. Ukaniunga mkono, sitalisahau hilo. Nilikuwa naondoka na giza kila Jumamosi kwenda Butiama kwa Madam Rhobi, yule mwalimu mstaafu, anifundishe mafunzo ya vitendo mezani kwake kwa betri za tochi na vipande vya nyaya. Alikuwa ananiambia, "Nyasatu, wewe huna shida ya akili, una shida ya haraka. Soma swali mpaka mwisho." Nikapata B. Siku ile ulichinja jogoo.

Nikaomba tena vyuo vitatu. Nikakosa tena vyote.

Ukumbuke Jumapili iliyofuata. Ulisimama kanisani, wewe mzee wa kanisa, ukasema, "Binti yangu amejaribu mara mbili, kiwango chake hakijatosha. Tumwombee Mungu amwongezee akili." Nikaitwa mbele. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani. Mke wa mchungaji akalia. Nimepiga magoti pale na B yangu ya Fizikia, kanisa zima linaniombea akili. Nikaamini, baba. Nilirudi nyumbani nikaandika kwenye daftari: "Pengine mimi si wa kazi hii." Ndiyo sababu nilihamia huku kwa shangazi. Niliona aibu kupita njia ya kisimani.

Sasa nikueleze ya Jumatatu ya wiki iliyopita. Safari hii nimejipanga kuliko miaka yote. Kemia nimeirudia, nimejiandikisha mwenyewe, na matokeo yametoka mwanzoni mwa mwezi huu: B. Miezi minane nimejitolea mapokezi ya zahanati. Na Madam Rhobi ameniambia nisiweke mayai yote kwenye pakacha moja, niombe pia stashahada ya utabibu, ili udaktari ukigoma tena niufikie kwa mlango wa nyuma. Basi nikaenda Musoma, kwenye chuo kimoja, nikampa karani namba zangu za mtihani. Akaziingiza kwenye kompyuta. Akaangalia. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena.

"Dada," akasema, "hawa mbona ni watu wawili?"

"Watu wawili vipi?"

"Huyu mwenye D ya Fizikia ni Nyasatu Maregesi. Huyu mwenye B ni Nyasatu Malegesi. Wewe ni yupi?"

Nilicheka, baba. Nilidhani anatania, kwa sababu nyumbani kwetu nani anatofautisha? Bibi anasema "kura chakura" na tunakula. Lakini kompyuta haikukulia Suguti. Karani akanigeuzia kioo nione. Pale pale nikakumbuka kwamba siku ya kujiandikisha kurudia Fizikia nilikuwa nimelala na malaria, ukaenda wewe Musoma badala yangu. Ukamtajia yule mwandishi jina kwa mdomo wako, naye akaandika alichosikia.

Hilo silo lililonikasirisha. Kukosea jina ni jambo la binadamu, na mimi mwenyewe nina fungu langu. Nilipokuwa naomba mwaka jana jina lilijitokeza lenyewe kwenye fomu baada ya kuingiza namba, nikalipita kwa macho. Mimi ninayeandika daftarini hata saa niliyolala, sikuiona L kwenye jina langu, maana macho yangu nayo ni ya kwetu.

Kilichonikasirisha ni alichosema karani baada ya hapo. "Hapa inaonyesha mwaka jana vyuo ulivyoomba vilikutumia ujumbe. Vilisema majina hayafanani, ulete hati ya kiapo ndani ya wiki mbili. Hukuupata?" Akanisomea namba ya simu. Ni yako, uliyoiandikisha siku ile ya malaria yangu.

Ndipo nikakupigia Jumapili. Nilimwomba Mungu useme hukuuona, au ulidhani ni wale matapeli wa tuma-kwenye-namba-hii. Ningekusamehe kabla hujamaliza. Ukasema, "Niliuona. Walitaka niape. Mimi siapi, unalijua hilo." Nikasema, "Sasa mbona hukuniambia?" Ukasema, "Kwa ajili ya herufi moja?" Ukakata.

Baba, ulijua. Ulisimama kanisani ukijua. Ulimwacha mchungaji aniombee akili wakati ujumbe uko mfukoni mwako!

Herufi moja. Ngoja nikueleze ya herufi moja. Kazi yangu mapokezi ni kuandika majina kwenye rejista. Mwezi uliopita walikuja watoto wawili asubuhi moja, wamekaa benchi moja, Masirori na Masilori. Mmoja alikutwa na malaria, mwingine hana kitu, ana mafua tu. Nesi akaita jina, wakasimama mama wawili. Tangu siku ile namuuliza kila mtu: R au L? Wananicheka. Mzee mmoja mfuga ng'ombe aliniambia, "Binti, mimi nilikuwaga naandikwa vyovyote na bado naumwa mgongo ule ule. We andika, ugonjwa haujui kusoma." Nikamwambia, "Ugonjwa haujui, mzee, ila dawa inajua." Benchi zima likaangua kicheko, yeye mwenyewe akacheka mpaka mgongo ukamkumbusha. Lakini akatoa kadi yake tukaangalia.

Kuhusu kuapa. Naheshimu kanisa letu. Tumefundishwa tangu watoto kwamba ndiyo ya Mkristo inatosha, haihitaji kiapo juu yake. Lakini nilipomweleza shangazi sababu yako, aliweka chini sufuria ya samaki akashika kiuno. "Kaka yangu haapi? Kule mnadani, alipokuwa anamuuza yule dume mwenye kikohozi, alisema 'haki ya Mungu' mara ngapi? Mimi nilihesabu mpaka nikachoka." Amesema nikuandikie hivyo hivyo, na kwamba atakuwa hapo kwenye kigoda kama unataka kubisha.

Na hata hivyo sikutaka kukuvunjia imani yako. Jana niliomba ruhusa kazini, nikarudi Musoma, nikamtafuta mwanasheria. Nikamwambia, "Jina ni la baba, na baba haapi." Nilidhani atanifukuza. Akatabasamu kama mtu aliyelisikia hilo jana yake tu. Akasema wazee wa mkoa huu wamemfikia wengi wa namna hiyo, na sheria inawajua. Mtu ambaye imani yake inamkataza kuapa haapi. Anathibitisha. Hati ni ile ile, muhuri ni ule ule, ila hushiki Biblia na husemi "naapa". Unasema "nathibitisha", unaweka sahihi, unakwenda zako.

Neno moja, baba. Mwaka wangu mzima ulikuwa unasubiri neno moja, na ungeuliza mtu yeyote Musoma angekuambia. Ungeniuliza mimi ningekwenda kuuliza kwa miguu.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya hati. Imeandikwa kwamba wewe unathibitisha kuwa Maregesi na Malegesi ni jina lako moja, na mwenye majina hayo mawili ya shule ni binti yako mmoja. Palipoandikwa "naapa" nimekata kwa rula na kalamu nyekundu, ili usije ukaliona ukageuza mlangoni. Dirisha la maombi linafungwa mwezi ujao. Bila hati hiyo ile B ya Fizikia ni ya mtu asiyekuwepo duniani, na mimi nabaki na D. Huo ndio ukweli wote, hauna sehemu nyingine.

Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, nitakuwa mlangoni kwa mwanasheria, Musoma. Shangazi anaijua nyumba, atakuelekeza. Njoo na kitambulisho chako.

Usipokuja, nimeuliza njia ya pili, nayo ipo. Nitaapa mimi. Nitashika Biblia na nitaapa kwamba nimeacha jina la Maregesi na la Malegesi yote mawili, na kuanzia siku hiyo naitwa Nyasatu Mgeta, jina la babu mzaa mama. Vyeti vyote vitafuata jina hilo. Nikiwa daktari, siku utakapoletwa na presha yako, kwenye kitambaa cha koti langu utasoma jina la wakwe zako. Si vitisho. Nimepanga tu, kama unavyonijua.

Lakini sitaki, baba. Jogoo yule ulimchinja kwa ajili ya binti Maregesi.

Nisalimie mama, mwambie nimemtunzia dawa ya kuchua goti, shangazi anayo. Nisalimie bibi, na asiambiwe habari ya kura na kula, aendelee tu. Kaka Bwire, mwambie taa aliyonitengenezea bado inawaka na nyavu zake Mungu azijaze. Mpe salamu mke wa mchungaji aliyelia kwa ajili yangu. Mchungaji nitamsalimia mwenyewe, siku utakaposimama tena kanisani ukasema ulichokijua. Hilo nalo nakuomba, ila halina tarehe ya mwisho.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira na mwenye heshima,

Nyasatu Malegesi

Alhamisi asubuhi. Baridi kama ya jana, upepo umetulia.
Shangazi ameshafunga mzigo, ananihimiza. Nimeisoma barua yote tena kabla ya kuibandika, na tazama, baba, nilivyosaini. Hakuna karani aliyesikia vibaya hapa. Ni mkono wangu mwenyewe, baada ya kurasa zote hizi. Nilinyanyua kalamu nikate, nikaiweka chini. Njoo nayo Ijumaa, tumwonyeshe mwanasheria kwamba sisi ni watu wa nyumba moja. Jana nililala saa sita na robo.