Seva mbili, mvua moja

Sumbawanga, Jumanne, Juni 2004

Mpaka sasa nacheka. Nilikuwa na hofu kwamba binti yangu Anastazia angemaliza akiba ya duka letu la intaneti kwa kulipia leseni ya mfumo wa seva, ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote, tukakosa ya jenereta.

Fundi kutoka Mbeya alimtisha: "Huo mfumo wa Linux ni wa bure, dada. Cha bure kitakutokea puani."

Anastazia amezaliwa hapa Ufipa. Akafanya kama wakulima wa hapa wanapoletewa mbegu mpya: wanaipanda kando ya ile ya zamani, shamba moja, mvua moja. Linux akaiweka kwenye seva moja, na mfumo wa leseni, toleo la majaribio lisilolipiwa, kwenye nyingine.

Leo umeme umekatika tena na tena. Kila uliporudi, seva ya leseni ilisimama njiani ikidai kurekebishwa. Ya bure iliendelea na kazi.

"Shikamoo, Linux!" Anastazia akasema.

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia kwa niaba yake.

Jenereta tutanunua. Akaniachia niipe seva ya Linux jina. Nikaandika Ngara, kwetu mbali kaskazini, nilikoondoka kijana na sijarudi. Kesho asubuhi nitaikuta iko macho.