Njia Tuliyoifungua Kabiria

Kabiria, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikiomba barua hii ikukute mzima, goti limepoa na unaweza kufika shambani bila kushikwa mkono. Mvua iliyotunyeshea huku naamini haikuwapita huko Mbooni. Mbaazi zimechanua? Sisi hatujambo. Baba watoto, Mwololo, bado yuko kwenye duka lile la vifaa vya ujenzi pale Dagoretti Corner, na jioni hurudi na saruji hadi kwenye nyusi. Wajukuu wako ni wazima. Mkubwa ameshaanza kuvaa viatu vyangu bila kuniomba, na mdogo ameng'oka meno ya mbele lakini kelele hazijapungua hata chembe.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Mwaitu, siku hizi nikikupigia napaza sauti mpaka majirani wote wanajua habari za kwetu, na wewe huko unanijibu swali ambalo sijauliza. Nina habari ndefu, na nyingine hazifai kupigiwa kelele. Kwa hiyo nimempa Kavindu wa kanisani akuletee barua hii mkononi. Tafadhali vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee.

Unaikumbuka njia yetu. Mara ya mwisho ulipokuja uliniuliza kama mji mkubwa kama huu hauna njia nyingine ila hii ya mbuzi. Nilicheka, lakini ulikuwa umesema kweli. Wakati ploti hizi zinauzwa, malori mawili ya mchanga yangepishana hapa bila madereva kutukanana. Kisha kila mtu akaanza kujongea. Huyu alisogeza ua wake kidogo, yule akaongeza kibanda cha kuuzia sukumawiki, mwingine akajenga ngazi ya ghorofani nje ya ukuta wake. Hakuna aliyeona kwamba anaiba, kwa sababu kila mmoja alichukua kidogo, na alipochukua alimwona jirani yake ameshachukua. Mwishowe ikabaki nafasi ya pikipiki moja na mtu mmoja mwenye mwavuli, na mvua ikinyesha hata huyo wa mwavuli husubiri.

Sasa yupo jirani yetu anaitwa Lornah, nyumba ya mwisho kabisa kule njia inakoishia. Ni binti wa Siaya, hushona sare za shule. Asubuhi moja ya mvua, mumewe akiwa kazini kwenye ulinzi kule Mountain View, uchungu ulimshika kabla ya wakati na damu ikaanza kumtoka. Ambulensi ilikuja upesi, siwezi kuwasingizia, lakini ilisimama kule barabara kuu kwa sababu haikuwa na pa kupita. Tukatupa chini mitungi ya muuza maji, tukamlaza Lornah kwenye mkokoteni wake. Mimi nilimshika kichwa na kumfunika kwa leso yangu. Tulipofika kwenye jengo la Mzee Ndegwa, mkokoteni ulikwama kati ya ngazi yake na ukuta wa upande wa pili. Wanaume wakasukuma, magurudumu yakazama kwenye matope, na Lornah akawa ananiambia kwa sauti ndogo, "Kasiva, usiniache hapa." Tukamwinua kwa mikono, tukatembea naye hivyo hivyo mpaka kwenye gari.

Wako hai, Mwaitu, yeye na binti yake. Mtoto alizaliwa mdogo kama kifaranga cha jana, na sasa ana mashavu. Lakini daktari alimwambia mumewe waziwazi kwamba wangechelewa kidogo tu zaidi, angerudi nyumbani mikono mitupu.

Hiki chama chetu cha wakazi, kusema kweli, kilikuwa chama cha misiba. Mtu akifariki tunakutana, tunachanga, tunakodi viti, tunarudi kulala mpaka afe mwingine. Mwenyekiti wetu ni Mzee Oloo, mstaafu wa posta, mtu ambaye hata akikuomba chumvi huanza kwa kukushukuru kwa kuhudhuria. Lakini Jumapili iliyofuata alituita kwenye uwanja wa kanisa, na siku hiyo hakuzunguka. Alisema amechoka kuzika majirani, na kwamba safari hii anataka chama kiwafanyie watu kitu wangali wanapumua. Alikuwa amekwenda ofisi ya wadi. Huko walimwambia kwamba mitaro, taa na mawe ya kutandika njia vinaweza kupatikana, lakini hawawezi kutengeneza njia ambayo haipo. Wakazi wairudishe kwanza upana wake, kisha wao waje.

Watu walipiga makofi mengi. Oloo akasubiri yaishe, ndipo akaeleza kwamba maana yake ni kila mtu kubomoa cha kwake kwa mkono wake. Hapo waliopiga makofi zaidi wakaanza kukumbuka shughuli za nyumbani.

Walinichagua mimi kuongoza kamati ya njia. Sikuomba. Nafikiri walinichagua kwa sababu nilikuwa nimekishika kile kichwa cha Lornah, na hakuna ambaye angethubutu kuniambia usoni kwamba jambo hili linaweza kungoja mwaka ujao. Nami nikagundua, Mwaitu, kwamba kazi hii naiweza. Naweza kuingia nyumba ya mtu aliyekasirika, nikanywa chai yake, nikatoka tumeelewana. Sijui nimeitoa wapi hali hii, labda kwako, maana nimekuona ukigawanya maji ya kisima wakati wa kiangazi na hakuna aliyeondoka akinung'unika.

Mpima ardhi alikuja akapigilia vigingi vyeupe pande zote mbili. Kesho yake vigingi kadhaa vilikuwa vimehama vyenyewe usiku. Tukamrudisha mpima, na safari hii tukatembea naye watu wote, wazee kwa akina mama, kila mtu akishuhudia cha jirani na jirani akishuhudia chake. Vikakaa.

Kikwazo kikubwa kilikuwa Mzee Ndegwa. Si mtu mbaya. Mpangaji akifiwa humwachia kodi ya mwezi bila kuombwa. Lakini lile jengo ndilo jasho lake lote, na ile ngazi ya nje ndiyo inayowapandisha wapangaji wote wa juu. Nilikwenda kwake na Oloo. Alituketisha vizuri, akatusikiliza, kisha akasema, "Mama, mimi nikitoa hii ngazi, watu yangu watapanda na kamba?" Nikamwambia tutatafuta njia ya kuiingiza ndani ya ploti yake. Akatikisa kichwa. "Nyinyi nyote mko ndani ya barabara. Sio mimi peke yangu. Sasa niambieni, ni nani ataanza? Ni wewe, Mama?" Aliniangalia, nami nikamshukuru kwa kutupokea, nikainuka.

Tulipotoka, Oloo alikuwa amewaka hasira. Alitaka tupeleke mashtaka, waje na tingatinga. Nilimkatalia. Nilimwambia tingatinga halichagui, likiingia litakula vibanda vya wajane pamoja na ngazi ya Ndegwa, na likishaondoka sisi bado tutakuwa majirani wa Ndegwa. Akasema kwamba kama sitaki tingatinga, basi nimpatie mtu wa kuanza.

Ilibidi mtu aanze, na mtu alianza. Nitafika huko, Mwaitu. Niache kwanza nikueleze njia yetu ilivyo leo.

Leo ni pana. Ukisimama kwenye geti letu unaona moja kwa moja mpaka kwa Lornah. Baada ya yule wa kwanza, mama wa sukumawiki alirudisha kibanda chake nyuma, na vijana wa mtaa walimsaidia kubeba kila kitu mpaka mizani. Wenye ua wa mabati waling'oa wenyewe. Mzee Ndegwa alikubali mwishowe, lakini kwa masharti yake: chama kitoe watu wa kumsaidia kazi ya kujenga ngazi mpya ndani, na Oloo asiwe msimamizi. Tulikubali yote mawili. Mpaka sasa hawasalimiani, wao wawili, na mimi nimeacha kujaribu kuwapatanisha. Ngazi mpya ipo, wapangaji wanapanda, na hiyo inatosha.

Ofisi ya wadi walitimiza. Mitaro imechimbwa, mawe yametandikwa, na nguzo za taa zimesimama. Wiki iliyopita gari la kunyonya maji machafu liliingia mpaka mwisho wa njia kwa mara ya kwanza, na usinicheke, watu walitoka nje kulitazama kana kwamba ni maandamano ya harusi. Watoto walilikimbilia nyuma. Mmoja alisema, "Cheki, imeingia yote!" Sasa watu wanauliza chama kitafanya nini baadaye. Wanataka mahali pa watoto kuchezea, na najua tutapapata. Zamani tulikutana kwa ajili ya maiti, siku hizi uwanja wa kanisa hujaa hata kama hakuna aliyekufa.

Sasa, Mwaitu, kaa vizuri.

Aliyeanza ni mimi. Nimeibomoa veranda ya baba.

Mpima alipopigilia kigingi mbele ya nyumba yetu, alikipigilia ndani, karibu na mlango. Ile veranda yote, nguzo zake na ile sakafu nyekundu, ilikuwa ndani ya barabara. Nililijua hilo siku Ndegwa aliponiuliza swali lake, ndiyo maana niliaga haraka. Najua vile ilivyokuwa. Najua baba aliijenga alipokuja kukaa nasi, kifua kikiwa tayari kinamsumbua, na kwamba hakujenga kitu kingine baada ya hapo. Najua ndipo ulipopenda kuketi kuchambua pojo na kuwasemesha wapita njia. Nilimwuliza Mwololo tufanye nini. Akasema nyumba ni yetu sote wawili lakini baba ni wangu, kwa hivyo niamue, na lolote nitakaloamua atashika nyundo.

Tulianza Jumamosi asubuhi. Mwaitu, ilikataa kuanguka! Vijana walikuja na nyundo kubwa wakidhani ni kazi ya saa moja. Walipiga ile nguzo ya kwanza mpaka wakavua mashati. Mmoja akakaa chini akaniuliza, "Mathe, huyu fundi alikuwa anajenga veranda ama daraja?" Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka nikashindwa kusimama, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba ninalia. Nikawaambia ni babangu, na kwamba babangu hakuwahi kuchanganya saruji kwa uchoyo. Yule kijana akainuka, akavaa shati lake, akaomba radhi. Nikamwambia avue tu aendelee.

Makelele yalimtoa Mzee Ndegwa nje. Alikuja akasimama, mikono nyuma. Unakumbuka yeye na baba walivyokuwa wakinywa chai hapo jioni wakibishana juu ya mvua ya Ukambani na mvua ya Nyeri. Akaniuliza, "Si hii ni ya babako?" Nikamjibu ndiyo. Akauliza kama sina huruma. Nikamwambia ninayo, na ndiyo hii. Alibaki pale mpaka nguzo ya mwisho ilipolala, kisha akaenda zake, na jioni hiyo alimtuma mtu aniambie niende na kamati tuzungumze habari za ngazi.

Nilitaka uyasikie kwangu kwa sababu Mutie ameshapata habari. Alinipigia akiwa Mombasa, akaniambia nimeuvunja mkono wa baba, na kwamba Pasaka atakuja nyumbani kukueleza mimi ni binti wa namna gani. Sikumjibu vibaya. Ni kakangu, na uchungu wake ni uchungu wangu. Lakini Mwaitu, sijutii. Baba alipoijenga hakujua mstari wa barabara ulipita wapi, wala mimi sikujua. Sasa najua, na nimemwona mtu akikaribia kufa kwa sababu sisi sote tulijifanya hatujui. Ningekuwa nimeilinda veranda yake, ningewezaje kumtaka mwingine avunje jasho lake?

Kuna jambo moja tu ambalo kwalo nakuomba msamaha. Sikukuuliza kabla. Nilikuwa na siku za kutosha kukuuliza, na Kavindu alikuwa akija huko. Sikuuliza kwa sababu niliogopa ungekataa, nami ningekutii.

Kwa hiyo ukinikasirikia, una haki. Niandikie uniambie, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni wa kunikemea. Nitausoma.

Nisalimie Shangazi Munyiva na wote wa boma, na umwambie mchungaji kwamba tunamkumbuka kwenye maombi. Mwololo anakusalimu sana, na watoto wanakubusu mikono. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,

Kasiva